Muziki wa Chini ya Sauti ya Maka

Filsan alipofika nyumbani kwa Arbia katika mtaa wa Iftin kuomba apigiwe muziki wa harusi, alimkuta amelala chali mkekani, miguu ameiegemeza juu ya spika. Ilikuwa saa nne asubuhi na mabati ya paa yalikuwa yameshaanza kualika kwa joto. Arbia hakuinuka. Alikuwa ametoka kwenye harusi mbili, siku mbili mfululizo, na magoti yalikuwa yamemvimba. Alimwonyesha msichana kiti cha plastiki.

"Karibu, kaa. Nitakusikia hivi hivi nilivyo."

"Haina neno, eddo," Filsan akasema.

Eddo kwa Wasomali ni shangazi, na mtoto humwita hivyo hata mke wa baba yake ambaye hakumzaa. Filsan alikuwa na haki ya kulitumia jina hilo. Baba yake alikuwa Sugow, mfanyabiashara wa ng'ombe, na Arbia ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Sugow kabla hajaja Maka, mama yake Filsan. Ni mambo ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Katika miaka hiyo yote Filsan alikuwa ameingia nyumba hii mara tatu au nne, kila mara akiandamana na kaka yake Guled, mtoto wa pekee wa Arbia. Sasa Guled alikuwa mwalimu huko Mandera, na Filsan amekuja peke yake.

"Guled aliniambia nisitume mtu," akasema. "Nije mwenyewe."

"Alisema vizuri."

"Lakini kama ni vigumu kwako, eddo, niambie tu. Sitakasirika."

Arbia alitazama paa. Wenye spika mjini Garissa walikuwa wengi, ila karibu wote walikuwa wanaume, na mwanamume haingii ukumbi wa wanawake. Wanawake wenye mitambo walikuwa wawili tu, na yule mwenzake alikuwa amejifungua wiki ile. Msichana hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na Arbia mwenyewe hakuwa na nguvu ya kutafuta sababu ya kukataa.

"Harusi ni harusi," akasema. "Nitajie siku."

Filsan akaitaja. Kisha akatoa simu na kuanza kusoma alichokuwa ameandika: wimbo wa kuingilia, wimbo wa kukatia keki, ngoma ya akina mama, na baadaye nyimbo za vijana. Arbia alikuwa akiitikia macho yamefumbwa, maana hayo yote aliyajua. Msichana akafika mahali akasema, "Halafu kuna tosti."

Arbia akafumbua jicho moja. "Mkate?"

Filsan alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. Akaeleza kwamba huko Nairobi aliposomea uuguzi alihudhuria harusi za wenzake, na kila harusi kulikuwa na wakati ambapo wageni wote hupewa bilauri, zake yeye zitakuwa za juisi ya embe, kisha mtu wa karibu husimama akasema maneno mema juu ya bibi harusi, na watu wote wakainua bilauri pamoja. Wakati huo muziki hupigwa chini chini.

"Si wa kucheza," akasema. "Ni wa kuchangamsha. Uwe chini ya maneno, lakini mtu akiusikia asikie raha."

"Na nani atasema hayo maneno?"

"Hooyo," Filsan akasema, yaani mama yake. Akaigeuza simu mkononi. "Anaogopa. Siku hizi anaogopa kila kitu. Ndiyo maana nataka muziki wenyewe uwe wa furaha, umshike mkono."

Arbia hakuuliza Maka anaogopa nini. Garissa ni mji mkubwa, lakini habari kama zile hazikosi kufika Iftin. Sugow alikuwa ameoa mke mwingine kule Bura, karibu na kituo anakonunulia mifugo, na ulikuwa unaingia mwezi wa sita hajalala nyumbani kwa Maka.

Msichana alipoondoka, Arbia alibaki mkekani hadi adhuhuri. Alijaribu kuona kama amefurahi. Kulikuwa na miaka aliyokuwa akiomba jambo hilo hilo limpate Maka. Aliliomba akifua, na aliliomba akimwogesha Guled. Sasa lilikuwa limetokea, na yeye alichokuwa akifikiria ni kwamba ile spika ya kushoto inahitaji kushonwa kitambaa upya.

Arbia alizaliwa Bura, kwenye familia ya wafugaji. Ukame uliwaacha na ng'ombe watatu, wakahamia mjini, na akiwa na miaka kumi na tisa akaolewa na Sugow. Alikaa naye miaka kumi. Guled alikuwa na miaka tisa Sugow alipomwoa Maka, na mwaka haukuisha Arbia akapewa talaka yake. Hakurudi kwa wazazi. Alipata kazi ya kufagia duka la kanda za muziki lililokuwa karibu na kituo cha mabasi, la mzee mmoja aitwaye Korane. Mzee huyo alikuwa akinakili kanda kutwa nzima, za Mogadishu, za Jibuti, za Mombasa, na Arbia akifagia alikuwa akisikiliza. Baada ya miezi michache Korane aliona kwamba mfagiaji wake husikia kanda inapoanza kuvuta sauti kabla yeye mwenyewe hajasikia. Akamwondoa kwenye ufagio, akamketisha kwenye mashine.

Duka lilikufa simu zilipokuja. Korane akamwachia spika mbili na kinasa sauti. Arbia akaanza na harusi za majirani, halafu mtaa, halafu mji mzima, hata Wajir alishaitwa. Alimlea Guled kwa spika hizo. Alimsomesha kwa spika hizo, na zilipochoka akanunua nyingine. Masikio nayo yalichoka. La kushoto lilikuwa likivuma usiku na mchana kama friji la duka, na sauti nyembamba, kama ya zumari au ya mtoto anayeita kutoka uani, alikuwa hazisikii tena upande huo. Hakumwambia mtu. Kwenye kazi alizoea kuweka kiganja juu ya spika akaisikia ngoma kwa mkono.

Jioni Filsan alimtumia nyimbo kumi kwenye simu. Arbia alizisikiliza siku mbili, akichambua mchele, akipika, akikunja nguo. Tano zilikuwa za Nairobi, za vijana, na zilikuwa na maneno mengi. Hizo aliziacha mara moja, kwa sababu muziki wenye maneno ukiuweka chini ya mtu anayesema, wasikilizaji huwa wanasikia watu wawili wakigombania kuongea. Mbili zilikuwa za haraka mno. Alijisemea maneno ya harusi juu yake ili ajaribu, akajikuta anaongea kama mtu anayefukuzwa. Moja ilikuwa ya kinanda cha polepole, tamu, ila ilimfanya akumbuke matanga.

Ya tisa ilikuwa ya Kisomali, ya zamani, yenye magitaa ya kurukaruka na matarumbeta. Ukiisikia unaanza kutikisa bega bila kupenda. Filsan alikuwa ameandika mbele yake, "Hii ndiyo naipenda zaidi." Arbia aliijua. Aliwahi kuinakili mara mia moja dukani kwa Korane. Ni wimbo wa mwanamume anayemwambia mkewe afungashe vyombo, maana aliyempenda amefika. Maneno yake yalikuwa ya Kisomali cha ndani, cha watu wa ngamia, na msichana aliyesomea Nairobi asingeyaelewa. Lakini ukumbini kungekuwa na akina mama wa rika la Arbia, na wote wangeyaelewa, na wote wangemtazama Maka.

Ya kumi hata hakuisikiliza.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, mlango ukagongwa, na aliyekuwa amesimama nje alikuwa Maka mwenyewe.

Walikuwa wamewahi kukutana. Mtu hawezi kukaa mji mmoja na mwenzake miaka ishirini na mitano asikutane naye, sokoni, matangani, hospitalini. Walikuwa wakiamkiana kwa salamu na kupishana. Nyumbani kwa Arbia Maka hakuwahi kufika. Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri bado, lakini shingo ilikuwa imekonda, na alikuwa ameshika mfuko wa ndizi kwa mikono miwili.

"Assalamu alaikum, abaayo," akasema, akimwita dada.

"Waalaikum salaam. Ingia, jua kali."

Arbia akamtandikia mkeka mwingine, akaleta chai iliyokuwa kwenye chupa. Wakanywa kwanza. Maka alisifu chai. Aliuliza habari za Guled, na Arbia akasema ni mzima. Feni ikawa inazunguka juu yao.

"Filsan ameniambia habari ya hiyo tosti," Maka akasema hatimaye. "Nimekataa mara mbili. Analia. Nimekubali. Lakini nimekuja kukuomba kitu ambacho yeye sijamwambia."

"Sema."

"Desturi ni kumtaja baba. Nisimame, nimshukuru Mungu, nimshukuru baba yake kwa kumlea, niwaombee maharusi. Siwezi kulikwepa jina lake, watu watasema nimelikwepa. Lakini nikilitaja sauti itanivunjika, najua. Nimejaribu chumbani peke yangu. Kila nikifika hapo inavunjika." Aliweka kikombe chini. "Nikifika pale, nipandishie muziki. Kidogo tu. Ili wasisikie."

Arbia akamjazia Maka kikombe tena. Mwanamke huyu, kati ya wote, alikuwa amekuja kwake kuomba jina la mwanamume yule lifunikwe. Alitegemea moyo wake ufanye kitu, uruke au uwake. Ulikaa tu. Alichosikia ni uchovu, ule ule wa magoti, kana kwamba umepanda ukafika kifuani.

"Unataka muziki gani?" akauliza.

"Wowote wenye furaha. Uwe na furaha sana. Wakinitazama waone mtu mwenye furaha."

"Ukiwa na furaha sana utaonekana unaigiza," Arbia akasema. "Njoo usikilize."

Akawasha mashine. Akampigia kwanza ule wa magitaa na matarumbeta, kwa sababu alitaka kujua kama Maka angeujua. Maka alisikiliza maneno mawili tu ya kwanza, akainua mkono.

"Huu hapana."

"Ndio aliouchagua mtoto wako."

Maka akamwangalia, na midomo ikamcheza. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, na Arbia naye akajikuta anacheka. Wote wawili waliujua wimbo ule vizuri.

Walikaa hadi karibu na magharibi. Arbia alimpa maiki isiyowashwa ashike mkononi na kumwambia aseme maneno yake kama atakavyoyasema siku yenyewe, huku akimwekea muziki mmoja baada ya mwingine. Wa udi ulikuwa mzuri ila ulimlaza. Wa ngoma tupu na makofi, ambao Arbia aliurekodi kwa ajili ya familia zisizotaka ala, ulimfanya Maka aanze kuongea kwa mdundo kama anayesoma mashairi, wakauacha. Mwishowe Arbia akafungua faili moja aliyokuwa amepewa na mpiga kinanda wa Mandera, Abdihafid, mwaka ule alipokwenda kumtembelea Guled. Ilikuwa dhaanto, ngoma ya watu wa ngamia, ile inayokwenda kwa mwendo wa ngamia anayerudi kisimani, mabega mbele, mabega nyuma. Ndani yake hapakuwa na maneno, kinanda tu na makofi ya watu. Ilikuwa na furaha bila kuwa na haraka.

Maka alisema hotuba yake yote juu yake mara moja. Alipofika kwa jina la Sugow alinyamaza, na Arbia akasukuma kitufe juu kidogo, makofi yakajaa chumbani. Maka alitikisa midomo tu. Halafu Arbia akashusha, na Maka akaendelea na dua.

"Huu," akasema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Una dakika nne na nusu," Arbia akamwambia. "Usizidishe."

Siku ya harusi Arbia aliamka hawezi kukunja goti la kulia. Alijipaka mafuta, akafunga kitambaa, akapakia spika kwenye mkokoteni wa punda pamoja na Qali, jirani yake, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kukusanya simu ili picha za wanawake zisitoke nje. Ukumbi ulikuwa wa moto. Mapambo yalikuwa ya zambarau na dhahabu. Saa tisa wageni walianza kuingia, saa kumi ukumbi ukawa umejaa mashungi na uturi, na Arbia alikuwa pembeni nyuma ya meza yake, sikio zuri akilielekeza kwa watu.

Filsan aliingia, akina mama wakapiga vigelegele. Keki ikakatwa. Ikaja zamu ya bilauri, na kwa muda kukawa na fujo, kwa sababu wageni wengi hawakujua ni za nini. Wengine walishakunywa juisi yote kabla ya kuambiwa wangoje. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama ni dawa. Arbia, aliyekuwa amesimama saa mbili mfululizo, aliegemea ukuta akangoja.

Maka akasimama. Alikuwa amevaa nguo ya kijani, na mikono ilikuwa imepakwa hina hadi kwenye viwiko. Arbia akaanzisha dhaanto, chini kabisa, akaweka kiganja juu ya spika. Watu wakatulia. Hata wale wasiojua tosti ni nini walianza kutikisa vichwa.

Maka alianza vizuri. Alimshukuru Mungu. Aliwashukuru waliotoka mbali. Alisimulia jinsi Filsan alivyokuwa na miaka sita akamfunga mbuzi bandeji mguuni na kumwamuru alale, na ukumbi ukacheka. Sauti yake ilikuwa juu ya muziki, imekaa sawasawa, na Arbia aliona msichana akiitazama midomo ya mama yake kama mtu anayemhesabia hatua.

"Na baba yake," Maka akasema.

Akanyamaza. Akageuza macho kuelekea pembeni, kwenye meza ya mitambo.

Wanawake mia mbili walikuwa wakimtazama, na Arbia alijua wanaangalia nini. Aliwahi kutazamwa hivyo. Mwaka ule alipoachwa alikwenda harusi ya binamu yake, na alipoingia mazungumzo yalikatika meza kwa meza, kila aliyopita. Hakuna aliyempandishia muziki siku ile. Alikula wali wake wote, punje kwa punje, ili asiinue kichwa.

Akasukuma kitufe. Hakukisukuma kidogo kama walivyokubaliana. Alikipeleka juu hadi dhaanto ikajaa ukumbi mzima, na kwa mkono mwingine akapiga makofi yake mwenyewe juu ya kichwa, mara tatu, kama mtu anayeitisha ngoma. Akina mama waliokuwa karibu naye wakadhani ndiyo desturi ya tosti. Wakapiga makofi. Meza ya pili ikafuata. Mara ukumbi wote ukawa unapiga makofi kwa mwendo wa ngamia, bilauri zimeinuliwa, vigelegele vikapanda, na mabibi wawili wakainuka wakaanza kuchezesha mabega pale pale walipo. Maka alikuwa amesimama katikati, maiki imeshuka hadi kiunoni. Kama alilitaja jina, hakuna aliyelisikia. Machozi yalimtoka, lakini kwa wakati huo karibu kila mtu alikuwa akilia na kucheka, na ya kwake hayakuonekana kuwa tofauti.

Filsan akamkumbatia mama yake. Arbia akauacha muziki ukafika mwisho wake. Kisha Maka akainua maiki tena na kusoma dua bila muziki wowote chini yake, sauti imekauka kidogo lakini nzima, na wote wakaitikia amina, wakanywa kilichobaki.

Baada ya hapo ikaendelea kuwa harusi kama harusi nyingine. Ilipoadhiniwa magharibi Arbia alizima mitambo, wageni wakaanza kutoka kwenda kuchukua simu zao kwa Qali. Arbia akaketi juu ya sanduku la nyaya. Hakuweza kusimama. Maka akaja akaketi kando yake, juu ya spika, akiwa na sahani ya wali ambayo hakuwa ameigusa. Akaiweka kati yao.

Wakala kwa mkono kutoka sahani moja.

"Ulipandisha sana," Maka akasema.

"Nilipandisha sana."

"Nilidhani umekasirika. Nilidhani unanilipizia."

"Ningekulipizia ningezima."

Maka akafuta vidole. Akaangalia watu wanaokunja vitambaa vya meza. "Abaayo," akasema, "mimi nilijua alikuwa na mke na mtoto. Niliambiwa mmeshaachana. Nilipofika nikaona hamjaachana, nikanyamaza. Ningeweza kusema kitu, nikanyamaza. Nimetaka kukwambia miaka mingi."

Arbia alikuwa na jibu la maneno hayo. Alilitunga miaka ya mwanzo, akalinoa, akaliongeza, akalisema peke yake akisukuma mkokoteni. Lilikuwa jibu refu na lilikuwa na kila kitu ndani. Sasa alilitafuta asilione. Alikumbuka tu kwamba lilikuwepo, na kwamba lilimchosha kulibeba.

"Kula," akasema. "Wali unapoa."

Maka akala.

Wiki mbili baada ya Idi, Sugow alimtuma ndugu yake na talaka ya Maka. Filsan alikuwa amehamia Wajir na mumewe. Maka alikaa eda yake ndani, na ilipokwisha alikuja Iftin asubuhi moja, akasimama mlangoni bila ndizi safari hii. Alisema amesikia Qali anakwenda kuishi na binti yake Mandera, na akauliza nani atakayekaa na simu za wageni.

Arbia alifikiri siku moja. Hakuwa na hamu ya kukaa na Maka kila wiki. Alifikiria watu watakavyosema, na kweli walisema, tena sana: wake wawili wa Sugow kwenye mkokoteni mmoja, wakipeleka furaha kwa watu. Walisema kwa mwezi mmoja hivi, kisha ikawa ni jambo la kila siku kama mengine. Alichofikiria zaidi ni nyaya. Qali hakuwahi kujua kukunja nyaya, na goti halikuwa linapona.

Mimi ninayesimulia huhudhuria harusi nyingi za wanawake mjini, na nimewaona mara nyingi tangu hapo. Hawaongei sana. Maka hukaa mlangoni na kikapu cha simu, na watu humheshimu, maana ni mkali na hakubali ujanja. Wageni wakishatoka huja kumsaidia Arbia kufungasha. Siku hizi familia nyingi za Garissa zinataka tosti, na Arbia huwauliza kwanza ni nani atakayesema, ana umri gani, na amelala vizuri au la, ndipo achague muziki. Sikio la kushoto limezidi kuharibika. Maka aligundua mwenyewe, akahama upande wa kulia wakati wa kumwambia jambo, na hawakulizungumzia.

Jumamosi iliyopita walikuwa na harusi pale pale Iftin, kwa jirani. Ilipokwisha Arbia alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, macho yamefumbwa, na Maka alikuwa akizungusha waya kwenye kiwiko.

"Si hivyo," Arbia akasema bila kufumbua macho. "Utaukata ndani. Zungusha kwa mkono, duara kubwa."

Maka akaufungua waya wote, akaanza upya.